Saint-André wa Majengo

Neno lenyewe lilitoka kinywani mwa Ingénieur Dative mchana kweupe, watu wakisikia, na wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amesimama juu ya mawe meusi ya kiwanja cha Muzee Yuma, kofia ngumu kichwani, akimwonyesha Gentil, fundi wa kuchomelea, mahali pa kufunga vyuma viwili virefu vinavyopita mshazari na kukatana katikati ya nguzo.

"Huku mbele, ku façade, tunatia croix de Saint-André mbili," alisema akipaza sauti, maana jenereta ilikuwa inanguruma. "Na kule nyuma mbili. Sawasawa?"

Croix ni msalaba. Saint-André ni Mtakatifu Andrea, na kwa mainjinia waliosoma kwa Kifaransa jina hilo halina uzito wowote. Ni vyuma viwili vilivyokaa kama herufi X, basi. Lakini Muzee Yuma ni Mwislamu mwana wa Mwislamu, ukoo uliotoka Maniema na biashara yake ya mchele, na jirani yake Ismael, Mwislamu mwenzake, muuza vipuri vya pikipiki, alikuwa mlangoni pa duka lake akichokonoa meno, masikio wazi.

"Eeh! Muzee Yuma!" Ismael alipiga makofi. "Umesikia vile? Croix! Tena ya Saint-André! Kumbe unatujengea kanisa, paroisse nzima, na siye majirani hautuambie?"

Barabara nzima ikacheka. Wapakizi wakacheka, mama wa makaa akacheka, Gentil akacheka nyuma ya miwani yake myeusi. Yuma naye alicheka, maana mtu akitaniwa hadharani akakosa kucheka atataniwa mara mbili. Hata Asha mkewe, aliyekuwa analeta chai ya mafundi, alicheka mpaka birika likamwagika, Mungu amsamehe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kumlaza Ramla, binti yao. Wakati wa matetemeko yaliyofuata volkano ya 2021, ukuta wa mawe wa nyumba ya zamani ulimwangukia Ramla miguuni, na ingawa miguu ilipona, tangu siku hiyo binti yule hakulala tena chini ya paa la mtu. Alilala uani, chini ya turubai, mvua na baridi ya ziwa vikimpata vyote. Mtu mzima, mshonaji mwenye wateja wake, binti pekee wa Yuma na Asha. Ndipo Asha alipomtafuta Dative, binti wa watu wa Rutshuru ambaye kazi yake ni majengo ya chuma, akamwambia bila kuzunguka, "Nijengee nyumba ambayo mutoto wangu atakubali kulala ndani."

Ramla alikuwapo siku ile ya neno. Hakucheka. Alimfuata Dative akamuuliza zile croix zinafanya kazi gani.

Dative aliokota vibao vinne, akavipigilia misumari vikawa kama fremu ya dirisha, akaisukuma pembeni kwa kidole. Ikalala. Akapigilia utepe wa bati kutoka kona hadi kona, akasukuma tena, ikakataa. Akasukuma kutoka upande wa pili, utepe ukajikunja, fremu ikalala.

"Umeona? Mukono mumoja unavuta upande mumoja tu. Nyumba ikiegemea huku, upande wa Sake, huu unaivuta irudi. Ikiegemea kule, upande wa Gisenyi, ni ule wa pili. Njo maana ziko mbili. Hakuna wa bure."

"Na tremblement, tetemeko lenyewe, ikinikuta ndani?"

"Kama unaweza kutoka, toka. Kama mlango umefungika, simama karibu ya croix. Ni hapo nyumba iko na nguvu kupita kwote."

Ramla aliichukua ile fremu ya vibao, akaenda nayo chini ya turubai lake.

*

Utani ungekufa kama Ismael angekuwa na wateja wengi. Hakuwa nao. Kila asubuhi Yuma akipita aliitwa "padiri", akaulizwa misa ya kwanza ni saa ngapi na kama kwaya imeshapatikana. Watoto wakaipa nyumba jina la Saint-André. Kisha waendesha pikipiki wakalipokea, na hao wakishaliita eneo kwa jina, hata meya hawezi kuliondoa.

Asha alilipata yeye mwenyewe siku anarudi kutoka sokoni na furushi lake la vitenge. Alimwambia motard, kijana wa pikipiki, ampeleke mtaa wa Majengo, karibu na msikiti, barabara ya wauza vipuri, nyumba mpya ya chuma. Kijana alifikiri kidogo, kisha uso ukamng'aa.

"Aah, ku Saint-André! Ungesema mapema, mama. Njo pale unaenda kusali?"

Asha alikuwa na ushungi kichwani. Alishuka, akamwambia kwamba anakaa pale na ni nyumba yake. Kijana akaomba msamaha kwa adabu zote, na msamaha ule ulimuuma Asha kuliko utani. Akatembea njia iliyobaki na furushi kichwani, akimkuta kila mtu anacheka, hata waliokuwa wanacheka mambo yao wenyewe.

Alipofika alimkuta Yuma amesimama mbele ya façade, mikono nyuma. Nguzo zilikuwa zimesimama, sakafu ya juu imetandikwa, na zile X mbili, zimepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, zilikuwa zinaonekana kutoka mwanzo wa barabara mpaka mwisho. Mtu angedhani zimewekwa makusudi zionekane.

"Zote zinatoka," Yuma alisema. "Gentil atazikata."

"Papa Ramla! Ile ni mifupa ya nyumba."

"Ni misalaba."

"Ni chuma! Uliza basi shehe. Kila siku anapita hapa akienda msikitini, anatoa salamu, hajasema kitu."

"Nimuulize shehe kama chuma ni musalaba? Naye anicheke?"

"Basi tumuambie ingénieur. Pengine anajua..."

"Nimuambie nini? Kama Muzee Yuma, mutu mwenye ndevu nyeupe, anaogopa michezo ya Ismael? Ule mutoto wa watu atanionaje? Aka! Bora nyumba ikae bila mifupa."

Asha alimjua mumewe. Alikuwa mtu mpole, mtoa sadaka, mtu wa kumkopesha hata asiyelipa, lakini aibu ilikuwa ikimshika kama homa na haikumwachia mpaka afanye jambo. Angekata vyuma vyote, na Ramla angebaki chini ya turubai maisha yake. Basi Asha akatafuta njia ya katikati, akaipata, na akaona fahari kwa kuipata.

"Tukate mukono mumoja tu," alisema. "Ukitoa mumoja, haiko croix tena. Inabaki fimbo imelala. Nani ataita fimbo paroisse?"

Yuma aliitazama façade kwa muda, kisha akamtazama mkewe kama mtu aliyetolewa jiwe kwenye kiatu.

*

Gentil alikata siku Dative amekwenda Kalengera, kwenye ujenzi wa shule. Hakukata kwa moyo mmoja. Alishika mashine yake ya kukatia, akaishusha, akaishika tena.

"Mama, ingénieur alisema hakuna wa bure. Miye mwenyewe nilisikia."

"Ingénieur iko Kalengera. Na nyumba ni ya nani?"

"Ni yenu."

"Basi."

Gentil akajikuna shingo. "Sasa nikate namna gani? Hapa nitoe wa kushoto, na pale wa kuume? Ao zote sawa?"

Asha alirudi nyuma hatua kadhaa, akafunga jicho moja. Ndivyo alivyopanga vitenge vyake mezani, na sokoni hakuna aliyepanga vizuri kama yeye; mteja alikuwa anasimama kabla hajajua kilichomsimamisha. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Zote upande mumoja," alisema. "Zilale pamoja. Ukichanganya, itakuwa sura mbaya."

"Na za nyuma?"

"Za nyuma vilevile, zifuate hizi za mbele. Kitu kikae na mupango."

Laiti angekuwa mtu asiyejali sura! Laiti angesema changanya tu, yoyote ile! Nyumba ingebaki angalau na mkono mmoja kwa kila upande. Lakini Asha alikuwa na jicho la uzuri, na jicho hilo ndilo lililochagua. Cheche ziliruka, vyuma vinne vikaanguka juu ya mawe kimoja baada ya kingine, na wapita njia wakasema kweli sasa imependeza. Ismael mwenyewe alitoka dukani, akatazama, akasema, "Muzee, umefunga paroisse?" Yuma akacheka kicheko cha kweli kwa mara ya kwanza tangu neno lile litamkwe.

Walipigilia mbao haraka, nyumba nzima mpaka juu, wakazipaka rangi ya maziwa. Dative aliporudi alisimama mbele ya ukuta, akagonga ubao kwa vidole.

"Mumeshafunika? Nilitaka kuangalia boulons, zile bolti za croix, kwanza."

"Ziko ndani, mwanangu," Yuma alisema. "Tulifunika juu ya vumbi, isiingie."

Binti aliyelelewa vizuri hamwambii mzee wa watu abandue mbao zake ili ahakikishe kama anasema kweli. Dative aligonga tena mara moja, akasema, "Bien, papa. Aksanti," akapanda pikipiki.

Ramla ndiye aliyechelewa kuridhika. Alizunguka chumba cha chini, akaweka kiganja kwenye ubao mahali pale pa nguzo, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mama, zile croix ziko humu?"

Asha alikuwa anakunja shuka. "Ziko."

"Zote?"

"Ramla, nilikuambia ziko! Unataka nikuapie?"

Ramla akacheka, akambusu mama yake begani. Akaleta cherehani yake, akaiweka chini karibu na kona ile, na godoro lake akalipandisha juu. Usiku ule alilala chini ya paa, na Asha aliposikia anakoroma, akakaa kitandani akalia kwa furaha. Alijiambia hajasema uongo. Nusu zilikuwamo. Amesema nusu ya kweli, na mtoto amelala.

*

Walikaa vizuri. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu watu siku hizi wanasimulia kama vile nyumba ilianguka siku ile ile. Hapana. Walikaa mpaka rangi ikaanza kushika masizi ya barabara. Yuma alijaza magunia yake ya mchele kule juu, pakavu. Wateja wa Ramla waliingia na kutoka, wakisifu jinsi anavyonenepa.

Asubuhi ya tetemeko Yuma alikuwa bandarini kupokea mzigo. Asha alikuwa ng'ambo ya barabara anabishana na mama wa makaa juu ya gunia lisilojaa. Ramla alikuwa ndani anakata gauni la bibi arusi.

Kwanza makaa yalianza kucheza ndani ya gunia, na Asha akadhani lori linapita. Kisha barabara yenyewe ikajikung'uta. Pikipiki zilizopangwa mbele ya duka la Ismael zikalala zote pamoja, mtu akapiga kelele, "Inje! Inje wote!" na ukuta wa mawe wa Ismael, unaopakana na mlango wa Yuma, ukaanza kutapika mawe.

Ramla alitokea mlangoni, utepe wa kupimia shingoni. Jiwe likaanguka mbele yake, likafuatwa na lingine. Akarudi ndani. Asha alimwona vizuri kabisa kupitia ule mlango wazi. Ramla hakukimbia ovyo kama mtu mwenye hofu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile kona yake, akaegemeza mgongo kwenye mbao, akafungua mikono akashika ukuta huku na huku. Tena akamtikisia mama yake kichwa, kumtuliza, kama kusema usijali, miye niko mahali pazuri.

Asha aliliachia gunia, akapaza sauti.

"Ramla, toka! Toka! Haiko! Haiko humo!"

"Nini haiko?"

"Croix! Haiko! Tuliikata! Ni miye nilisema wakate! Mawe imekwisha, toka, mwanangu, toka!"

Na kweli mawe yalikuwa yamekwisha. Mlangoni palikuwa peupe. Ramla alikuwa na miguu miwili mizima, na kutoka konani mpaka nje ni mwendo wa kuvuka chumba.

Alimsikia. Asha ataapa mpaka kufa kwamba alimsikia, kwa sababu aliuona uso unavyobadilika. Ramla alitoa mgongo kwenye ubao, akageuka akautazama, kisha akamgeukia mama yake, mdomo wazi. Hakukasirika. Alishangaa tu. Alishangaa kama mtoto mchanga aliyepigwa kofi na mtu anayemnyonyesha, anayetafuta kwanza kuelewa kabla ya kulia, na akasimama pale anaelewa.

Nyumba iliegemea Sake, vyuma vilivyobaki vikavuta, ikarudi. Kisha ikaegemea Gisenyi, na upande ule hapakuwa na kitu cha kuivuta. Haikurudi. Sakafu ya juu, na mchele wote wa Yuma, ilishuka kwenye kona ile ya cherehani.

Barabara ile yote, ni nyumba yao moja tu iliyoanguka. Mabanda ya mbao yalisimama. Hata ukuta wa Ismael ulibaki nusu.

*

Walimzika siku ile ile, kabla ya alasiri. Wanawake walikaa uani chini ya turubai la Ramla, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa, na wanaume walikaa barabarani kwenye viti vya kukodi. Ismael ndiye aliyekuwa anapanga viti. Alikuwa analia waziwazi, akipanga, akipangua, akipanga tena.

Dative alifika na matope ya njia ya Rutshuru kwenye viatu. Kabla ya kuingia uani alizunguka mabaki ya nyumba, na watu walimwona anachuchumaa penye nguzo, anapitisha kidole kwenye ncha ya chuma. Ncha ilikuwa laini. Tetemeko halikati chuma namna ile. Kisha akaja akaketi juu ya mkeka kando ya Asha, akamshika mkono, hakuuliza kitu.

Asha ndiye aliyetaka kuulizwa. Alitaka mtu amshike mabega amtikise, ampigie kelele. Watu walimwambia pole, pole mama, ni mapenzi ya Mungu, na kila pole ilimchoma.

Ndipo Yuma alipovuka akaingia upande wa wanawake, jambo asilolifanya katika msiba wowote maishani mwake. Kofia yake ilikuwa na unga wa mbao. Akachuchumaa mbele ya Dative.

"Mwanangu. Nambie. Kulikuwa njia ingine? Bila ile croix?"

"Papa, tuache leo."

"Nambie."

"Papa, haina faida. Pole sana. Tutaongea siku ingine."

"Nimekuomba kama baba yako. Nambie."

Dative alimtazama Asha, kisha akainamisha macho. Kwa kidole akachora juu ya vumbi jeusi: nguzo mbili, boriti juu yake. Kisha vyuma viwili, kimoja kutoka kila kona ya chini, vikipanda kukutana chini ya katikati ya boriti, kama paa la kibanda. Havikukatana popote.

"Hii," alisema kwa sauti ndogo. "V ya kupinduka. Inaomba boriti nzito kidogo huku juu. Ni ile tu."

"Na inashika?"

"Inashika pande zote mbili."

Yuma aliikodolea macho.

"Na ungekubali? Kama mutu angekuya tu akuambie croix inamuletea haya ku barabara, ungekubali?"

"Papa," Dative alisema, na sasa alikuwa analia, "ningeichora siku ile ile. Kwa nini haukuniambia? Ningeichora mukiwa munakunywa chai."

Asha alisikia sauti inatoka kifuani mwake ambayo hakuijua, akajua ni yake kwa sababu wanawake walimgeukia. Siku nzima alikuwa anajiambia kwamba hapakuwa na namna: ama aibu, ama turubai. Kumbe njia ilikuwapo, nayo ilikuwa sentensi moja ya kumwambia mtu ambaye alikuwa anakuja pale kila siku.

Hatua za wanaume zikasikika zinakuja, shehe mbele, kumpa mama mfiwa pole. Yuma alishtuka, akainuka nusu, akanyoosha mguu juu ya ule mchoro kuufuta.

"Watu wanakuya," alinong'ona.

Asha alimshika kifundo cha mguu kwa mikono miwili.

"Wacha."

"Mama Ramla, watu..."

"Wacha waione."

Shehe alisimama ukingoni mwa mkeka. Nyuma yake Ismael, macho mekundu, akachungulia pale chini, akauliza kwa upole ule mchoro ni wa nini. Asha akamweleza. Alianza na siku ya chai na kicheko, akasema nani alicheka, akasema nani alichagua mkono wa kukata na kwa nini aliuchagua ule, akasema Ramla aliuliza nini na yeye alijibu nini, kwa sauti ya mtu anayeuza sokoni, mpaka wale wa barabarani wakaacha kuzungumza. Na muda wote huo hakuuachia mguu wa Yuma.